Maski mpya inaingia ukungu kila nikizamia

Pole ndugu, maski ikiwa mpya lazima ikusumbue hivyo, inatoka kiwandani na utando wa silikoni kwenye kioo ambao huuoni kwa macho. Chukua dawa ya meno nyeupe ya kawaida, sio jeli, sugua ndani kwa kidole, suuza, rudia mara mbili tatu mpaka kioo kilie ukikigusa. Ila kama kioo chenyewe ni cha plastiki usithubutu, itachubuka.

Halafu kila ukitaka kushuka tema mate kioo kikiwa kikavu, pakaza kote, chovya baharini mara moja tu basi, wengi wanasuuza weee mpaka mate yote yanaisha alafu wanalalamika. Mi kule kisiwa cha Mnemba, Zanzibar, nilikuwa naona kinyaa nikawa natumia tone la shampuu ya watoto, iko poa. Na acha kupumulia pua, wala usiipandishe maski kwenye paji la uso, lile joto ndo linaleta mvuke.