Menšík hakuibuka ghafla

Unayesema mcheza tenisi Mcheki Jakub Menšík alibahatisha tu kutwaa taji la mashindano ya Miami, hebu rudi nyuma kidogo. Januari 2022 alipoteza fainali ya vijana ya Australian Open baada ya karibu saa nne. Misuli ilimkaza hadi akatolewa uwanjani kwa kiti cha magurudumu. Mwaka uliofuata, US Open, alianzia mechi za mchujo akafika raundi ya tatu. Februari 2024 alicheza fainali ya Doha akiwa na miaka 18 tu. Ndipo Machi 2025, kwenye fainali ya Miami, akamfunga nyota Novak Djokovic, 7-6, 7-6. Na goti lilikuwa linamuuma tangu kabla ya mechi ya kwanza, nusura ajitoe! Bado akashinda taibreki zote mbili, yaani michezo ya kuamua seti inapofika 6-6. Hapo bahati iko wapi?