Sado Lako na Sala Zako: Shangazi Anajibu

Wapendwa salamu, meseji za wiki hii ni nyingi na nyingi zinauliza kitu kimoja, imani inakuaje mtu ukiwa na kazi, watoto, majirani na kodi ya nyumba. Nimechukua tatu. Ya Bagamoyo nimeijibu kirefu maana imenigusa, wengine mtanisamehe.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mi ni mama wa watoto watatu, nipo Bagamoyo, nauza dagaa wabichi na wa kukaanga. Mwaka jana tulikuwa na semina ya siku tatu kanisani, yaani niliwaka moto, nikawa naamka saa nane usiku naomba lisaa lizima machozi yananitoka. Saivi hakuna kitu. Nikipiga magoti nasinzia, nikishika Biblia nasoma mstari huohuo mara tano sijaelewa. Saa kumi alfajiri lazima niwe pwani mnada usinipite, mchana nakaanga, usiku watoto. Nimeambiwa nifunge, nimefunga nikaishia kuumwa vidonda vya tumbo. Rafiki yangu anasema nimerudi nyuma. Je nimepoteza wokovu? Alafu kingine kidogo tu, hapa sokoni wengi tunatumia sado, yale makopo ya kupimia, zilizobonyezwa kitako zichukue kidogo, najua sio vizuri sana ila bila hivyo faida hamna, naomba uniombee. – Mama Dagaa

JIBU: Marahaba mwanangu, pole na kazi. Tuanze na usingizi. Mtu kaamka saa tisa, kasimama kwenye maji, kabeba ndoo kichwani, kashinda kwenye moshi na mafuta ya moto, sa akipiga magoti saa nne usiku pembeni ya godoro unategemea afanye nini? Petro na wenzake walilala Gethsemane na Bwana mwenyewe yupo hatua chache tu pale, akaja akawaamsha, hakuwafukuza. Na hiyo habari ya kufunga na vidonda vya tumbo acha, nenda hospitali kwanza, ukiulizwa sema Shangazi kakukataza.

Mi naona ulichukua ratiba ya semina ukataka iwe ratiba ya maisha. Semina ni siku tatu, mtu kakupikia, kakuimbia, watoto umemwachia mama mdogo. Maisha yako ni ya dagaa, na wewe unawajua dagaa kuliko mimi. Giza likiingia boti zinatoka na taa, usiku kucha bahari inawaka kama mji na nyie pwani hamlali. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawafuati taa, boti zinakaa, sokoni panapoa. Sasa kwanini sala yako isiwe na giza lake na mbalamwezi yake?

Siku za giza sali kifupi. Kutoka nyumbani mpaka mnadani una dakika ngapi, kumi na tano? Hizo zako, mtoto mmoja baada ya mwingine mtaje jina, ukifika umemaliza. Jumapili chagua mstari mmoja uandike kwenye karatasi ya daftari, ufunge na nailoni, uubandike pale unapoegemeza chujio la kukaangia, wiki nzima macho yanapita hapo. Zaburi ya 117 ina mistari miwili tu, hiyo hata mwenye usingizi anaimaliza. Alafu mbalamwezi ikija, zile siku tatu nne za kupumzika, ndio ushike Injili ya Marko, sura 16, fupi kuliko zingine zote, uisome mchana mtoto akiwa shule sio usiku umechoka. Hapo ndo utaona machozi yanarudi, na yasiporudi pia sawa, machozi sio kipimo.

Hapo kwenu misheni, ukipita ile njia ya miembe, mapadre walifika 1868, wakawa wanawakomboa watumwa na kuwaweka pale. Hawakuwapa sala peke yake, waliwapa na shamba na ufundi, kengele ya sala ikiisha mtu anashika jembe (wapo wanaosema kazi ilizidi, na mi siwabishii). Paulo naye kule Korintho alikuwa anashona mahema na Akila na Prisila. Sijui nani alitudanganya kwamba mtu wa kiroho lazima awe na mikono misafi muda wote.

Sasa nije kwenye ile "kingine kidogo tu". Mwanangu, umeandika meseji ndefu kuhusu sala na kasentensi kamoja kuhusu sado, na mimi hako kamoja ndo nimekasoma mara nne. Umeshajua, ndo maana umekaweka mwisho. Mithali 11:1 inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana, na sado ndo mizani yako.

Mi nilishauza mchele, kitambo sana, Tanga. Yangu ilikuwa kopo, nikiingiza dole gumba ndani wakati wa kupima, mtu haoni. Siku moja kaja mtoto katumwa, miaka saba hivi, nikampimia, yeye haangalii mchele anaangalia dole gumba langu. Hakusema kitu. Kachukua mfuko wake kaondoka. Usiku ule nilisali mpaka nikachoka na sikusali hata neno moja, unanielewa? Kila nikifumba macho namwona yule mtoto. Kwaiyo ukiniambia sala imekauka na sado limebonyea, mi siwezi kusema hayahusiani.

Nunua sado jipya, au hilohilo mpelekee fundi wa bati akugongee kitako kirudi. Bei panda kidogo, useme wazi kabisa, sado langu limenyooka ndo maana bei iko hivi, mpimie mtu aone kitako. Sikudanganyi kwamba Mungu atakujaza faida kesho, wapo watakaokuhama waende kwa wa bei ndogo, na wenzako watakununia maana umewachoma. Jipange kwa hiyo miezi miwili. Zakayo alirudisha mara nne, wewe wateja wako wengine huwajui hata majina, ila nyongeza unaweza kuwapa, konzi moja juu ya sado, usimwambie mtu kwanini.

Wokovu hujapoteza. Aliyepoteza hakumbuki kitako cha sado.

SWALI: Shangazi, mtoto wangu wa darasa la tano aliniuliza, tulimuombea bibi apone mbona kafa. Nikamwambia maswali hayo Mungu hapendi. Tangu siku hiyo hataki kusali hata chakula. – Baba, Muheza

JIBU: Baba pole na msiba. Mrudie mtoto umwambie baba alikosea kukujibu vile. Martha alimwambia Yesu usoni kwake kwamba ungekuwepo ndugu yangu asingekufa, yaani kalaumu kabisa, na hakukaripiwa, tena Yesu mwenyewe alilia akielekea kaburini, ipo Yohana 11. Msomee hiyo. Akikuuliza tena kwanini bibi hakuamka kama Lazaro, mwambie hata baba hajui na anamkumbuka bibi. Kama kaburi lipo karibu nendeni wawili mkafagie. Sala ya chakula mwache kwanza, sali wewe, yeye atasikiliza.

SWALI: Shikamoo Shangazi, mi kijana nimepanga Ngamiani hapa Tanga, nyumba ya vyumba sita Mkristo ni mimi peke yangu. Mwezi wa Ramadhani wananiita futari kila siku, kuna mtu kanisani kaniambia nikila napunguza imani. Pia sina mtu wa kusali naye. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Wakorintho waliulizana mambo ya kufanana na hayo, Paulo akawajibu kwamba asiyeamini akikualika na unataka kwenda, kula unachowekewa bila kuulizauliza, 1 Wakorintho 10:27. Huyo aliyekwambia hivyo inaelekea sio mtu wa Tanga, maana sisi huku Pasaka na Idi sahani zinavuka ukuta tangu tukiwa wadogo. Kula futari, shukuru Mungu moyoni, na Krismasi na wewe uwaite, pilau upikiwe na mama wa chumba cha pili wasiwe na wasiwasi na nyama.

Wa kusali naye mtafute kwenye jumuiya, uliza kanisani kwako wanakutana wapi na siku gani, usisubiri wakufuate. Asubuhi adhana ikikuamsha usijifunike shuka na kulalamika, hiyo alamu ya bure, wenzio wanaenda kuswali na wewe kaa kitandani usali zako dakika kumi kabla bafu halijapata foleni. Jirani akikuuliza unafanya nini alfajiri yote hiyo, mwambie nasali. Na wewe muulize yake, utajifunza adabu ya kusali kwa wakati, mi nilijifunzia hukohuko.

Na ukialikwa kwenye kaimati usizimalize, nyumba hiyo ina watoto.