Gereji ya nyumbani kwa Peugeot 504: shimo liache, anza na sakafu

Ndugu yangu, umesema umerithi Peugeot 504 ya marehemu mzee wako, unaishi Pwani, na unataka kujua kama uchimbe shimo la kukagulia gari uani kabla ya kununua vifaa. Nimekuwa nikiitengeneza 504 yangu nyumbani hapa Mombasa kwa miaka tisa, na ushauri wangu ni kwamba fedha za shimo uzitie kwenye sakafu.

Mimi nililichimba. Masika ya kwanza maji yalipanda kutoka ardhini, nikawa nayateka kwa ndoo kila asubuhi kabla ya kushika spana. Maji yangevumilika, kilichonitisha ni petroli. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo mpira wa kabureta ukivuja usiku, mvuke hushuka na kutulia shimoni, pale pale utakapoingia na taa asubuhi. Nililifukia kwa kifusi, nikamwaga zege juu yake, unene wa sentimita 15 mahali jeki inapokaa, na nikalimwagilia maji wiki nzima likomae taratibu. Ardhi yetu ni ya mchanga: jeki huonekana imesimama wima unapoanza kupandisha gari, kisha upande mmoja hudidimia kidogo kidogo bila sauti yoyote. Usiingie kamwe chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, wala usiliweke juu ya matofali ya saruji, kwani hupasuka ghafla. Nunua stendi nne za chuma, na gari likishakaa juu yake, lisukume kwa nguvu kutoka ubavuni kabla hujalala chini.

Baada ya sakafu, fikiria nafasi. 504 ina urefu wa karibu mita 4.5 na upana wa karibu mita 1.7, na wengi hujenga banda la kulitosha gari tu, kama nilivyofanya mimi. Nilikuwa nimefungua silinda hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini, na ninasubiri gasketi, gari jingine la nyumbani likahitaji kupita, tukaisukuma 504 nje, na hakuna aliyekumbuka kwamba iliachwa kwenye gia. Krenki, mhimili unaopandisha na kushusha pistoni, ikazunguka. Laina za injini hii, yaani mapipa ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka, huzungukwa na maji, na hedi ndiyo inayozikandamiza zisitoke mahali pake. Hedi ikiondolewa kisha pistoni zikapanda, laina huweza kuinuka pamoja nazo na kuharibu sili zilizo chini, zinazozuia maji yasiingie kwenye oili. Nilifunga kila kitu, nikajaza maji, na siku ya pili nilipochomoa kijiti cha kupimia oili nikaikuta ina rangi ya chai ya maziwa, yaani maji yamechanganyika nayo. Ilibidi niishushe injini nzima. Tangu hapo, hedi ikitoka tu, nazibana laina kwa bolti na washa pana (visahani vya chuma vyenye tundu), na banda nimelipanua hadi mita 7 kwa 4.5 ili gari lililofunguliwa lisihamishwe kwa sababu yoyote ile.

Kuhusu kutu, ambayo huku kwetu ndiyo adui mkubwa wa bodi, usilifunike gari kwa turubai la plastiki, maana hufungia unyevu ndani. Shuka kuukuu la pamba linafaa zaidi. Chuma kilichopigwa msasa jioni kipakwe praima, rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, jioni hiyo hiyo, la sivyo asubuhi utakikuta kimeanza kupata wekundu. Acha matundu ya hewa usawa wa sakafu, kwa sababu ya mvuke ule ule wa petroli, na mengine juu, karibu na paa.

Vifaa havihitaji haraka: seti moja nzuri ya spana za milimita itakutosha kwa mwaka wa kwanza. Pima uwanja wako, kisha niandikie vipimo pamoja na upande ambao maji ya mvua huelekea, nami nitakuchorea mahali pa kuweka mlango na meza ya kazi.