Maharage Yanageuka Manjano: Usikimbilie Yurea

Ndugu yangu wa Himo, nimekuelewa: maharage uliyochanganya na mahindi yamegeuka manjano, nawe unataka kuyawekea yurea, yaani mbolea ya naitrojeni. Tafadhali subiri kwanza. Chimbua mche mmoja taratibu, usiung'oe, kisha pasua vinundu vya mizizini kwa ukucha. Vikiwa vyekundu ndani, bakteria waliomo wanauandalia mmea kirutubisho cha naitrojeni kutoka hewani, na yurea nyingi itapunguza kazi hiyo. Vikiwa vyeupe au visipokuwepo, huenda udongo una tindikali au umepungukiwa kirutubisho cha fosforasi, jambo ambalo macho hayawezi kuthibitisha, hivyo pima udongo na uwaulize watafiti wa maharage wa kituo cha Selian, Arusha, cha TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania). Ukikuta mizizi imeoza, mwite afisa ugani mapema.