Sekunde tatu za Bwamba: kwa mnaoanza kusoma mitetemo ya Rwenzori

Ndugu zangu mlionunua sismomita ndogo (chombo cha kupima mitetemo ya ardhi) mwaka huu, karibuni. Mimi niko Fort Portal, magharibi mwa Uganda, karibu na milima ya Rwenzori. Huku tetemeko tunaliita musisi, na mtoto aliyezaliwa siku ya tetemeko huweza kupewa jina hilohilo. Wazee bado wanaikumbuka tarehe 20 Machi 1966, walipokufa watu zaidi ya 150 upande wa Bwamba, eneo la Bundibugyo, na ng'ambo ya mpaka, Kongo. Kwa hiyo ukisema neno kuhusu ardhi hapa, watu wanasikiliza. Chunga unalosema.

Kwanza zoea sakafu yako. Chombo changu kimekaa juu ya zege, kwenye kona ya stoo, na wiki za mwanzo sikutafuta tetemeko lolote. Nilijifunza kelele za nyumbani. Lori la mawe huvimba polepole kwenye mstari unaochorwa na chombo, kisha hunywea polepole. Jirani akitwanga karanga, kila pigo la mchi linajitokeza peke yake, kwa nafasi zilizo sawa. Tetemeko la karibu huanza ghafla, likatulia kidogo, kisha linakuja pigo la pili lililo kubwa zaidi, halafu mkia unaofifia.

Pigo la kwanza ni wimbi la P, la pili ni S. P ina mbio zaidi, kwa hiyo kadiri tetemeko lilivyo mbali ndivyo mapigo hayo mawili yanavyoachana. Hesabu sekunde zilizo kati yake, zidisha kwa 8, utapata umbali kwa kilomita, kwa makadirio. Sekunde 3 ni kama kilomita 24.

Hapa ndipo nilipoteleza. Usiku mmoja nilipata sekunde 3, nikachukua ramani, nikaona kilomita 24 kutoka kwangu zinafika Bundibugyo, nikawatangazia wenzangu kwamba ufa wa Bwamba (mpasuko mrefu wa miamba ardhini) umecheza. Kituo kimoja hakikuambii upande. Kinakupa duara zima, na mimi nilichagua nukta niliyoipenda. Vituo vya wenzangu wawili vilipoongezwa, maduara yalikutana kusini kwangu, chini ya milima.

Kuna kosa la pili ndani ya lile la kwanza. Zile kilomita 24 zinapimwa hadi pale mwamba ulipokatika, nako ni chini. Mitetemo mingi ya Rwenzori hutokea kina kirefu, mingine kilomita 20 na zaidi. Chukua kina cha 20: umbali wa juu ya ardhi unabaki kilomita 13 tu. Ufa nao haushuki wima kama kisima, umeinama. Kwa hiyo nukta iliyoangukia juu ya mstari wa ufa kwenye ramani haithibitishi kwamba ufa huo ndio uliocheza. Mimi siandiki jina la ufa kabla ya kupata vituo vitatu, na hata hapo naandika "huenda".

Kuhusu ukubwa wa tetemeko, ile namba inayotajwa kwenye taarifa, kumbukeni tu kwamba kutoka 3 hadi 4 ardhi inatikisika mara 10 zaidi, na nishati ni kama mara 32.

Saa huwachanganya wengi. Chombo kinaandika saa ya dunia (UTC), iliyo nyuma yetu kwa saa tatu, na shahidi aliyelisikia tetemeko anahesabu saa zetu. Akikwambia "saa mbili usiku", hiyo ni 20:00, ondoa tatu, tafuta kwenye 17:00. Muulize pia alikuwa ameketi au anatembea, na kama vyombo kabatini vililia.

Swali mtakaloulizwa kuliko yote ni hili: mitetemo midogo ikifuatana, je, kubwa linakuja? Hakuna mtu popote duniani anayeweza kukutajia siku. Mara nyingi kundi la mitetemo midogo huisha lenyewe. Mara chache hutangulia kubwa, na huwezi kutofautisha hadi yapite. Jirani yangu alinigongea usiku akiwa amembeba mtoto, anataka kujua kama alale nje. Nilimwambia hivyohivyo, bila kupunguza wala kuongeza. Kisha tukachukua tochi tukaenda kwake. Tofali za juu ya mlango wa chumba cha watoto zilikuwa zimeachana, kidole kinaingia. Tukahamisha kitanda usiku uleule, na Jumamosi fundi akaja.