Mathenge kwa Jirani: Kagua Haya Kabla ya Kulipia Nyumba Malindi

Mnunuzi wa nyumba Malindi huzungushwa vyumbani, akaonyeshwa dari, tangi na choo, kisha akarudishwa sebuleni kuzungumza bei. Omba ngazi, uchungulie ng'ambo ya ukuta. Ploti ya jirani ikiwa imetelekezwa, huenda mathenge, mti wa miiba unaoenea haraka, umeshafunga njia, na kazi ya kuuzuia itakuwa yako.

Mti huu uliletwa pwani ya Kenya mwaka 1973 ili kuotesha miti kwenye machimbo karibu na Mombasa. Mwaka 2008 serikali ikautangaza kuwa magugu hatari. Usiuchanganye na mgunga: maua ya mathenge ni marefu kama kidole, ya manjano yaliyopauka, na maganda yake yakiiva huwa ya manjano na matamu. Utamu huo ndio unaousambaza. Mbuzi na ng'ombe hula maganda, na mbegu ngumu hupita tumboni bila kusagika. Ukikuta bonge la mavi ya ng'ombe lililokauka karibu na geti, livunje kwa kijiti uzitafute mbegu. Mvua ikinyesha, bonge moja huweza kuotesha miche iliyosongamana kama kitalu.

Kwa hiyo usihesabu miti tu. Tazama mifugo inapita wapi, na maji ya mvua yanatiririkia upande gani. Miti kumi nyuma ya ukuta mzima, upande wa bondeni, ni afadhali kuliko miwili kando ya njia ya mbuzi.

Sachi ya ardhi, yaani kukagua rekodi za ploti kwenye ofisi ya ardhi, haitakuonyesha bikoni (alama ya mpaka) iliyozama kichakani. Mlete mpima ardhi, mstari wa mpaka ufyekwe na kila bikoni ionekane, ndipo ujue ni visiki vipi vitakuwa vyako.

Hapo kwenye visiki ndipo pesa nyingi hupotea. Muuzaji hukata miti juu ya ardhi wiki moja kabla ya wageni kuja, kiwanja kikaonekana safi. Mathenge uliokatwa hivyo haufi. Macho ya kuchipua yako pale shina linapokutana na mizizi, na shina moja hurudi likiwa kichaka cha mashina mengi, baya kuliko mwanzo. Kibarua achimbe kwa sururu kuzunguka kisiki, akate mizizi sentimita 20 hadi 30 chini ya ardhi, kisha akitoe kizima. Patana bei ya kila kisiki, si ya siku, na ukague shimo kabla halijafukiwa. Usikubali oili chafu imwagwe kwenye kisiki karibu na kisima. Mwamba wetu wa matumbawe chini ya udongo una matundu, na kitakachomwagwa juu kinaweza kufika majini. Miiba nayo ikusanywe yote, kwani hata ikikauka hutoboa ndara na tairi la tuktuk.

Gharama hiyo iondoe kwenye bei, au mwambie wakili aandike katika mkataba kwamba muuzaji atang'oa visiki vilivyo ndani ya mpaka kabla ya malipo ya mwisho. Ahadi ya mdomo haitoshi. Kwa jirani, anza kwa salamu na ombi la kusafisha ukanda wa mita tano upande wake, kwa gharama yako ikibidi. Sheria inampa mkaguzi wa serikali uwezo wa kumwandikia mwenye ardhi notisi ya kung'oa magugu hatari, lakini mwenye ploti akiwa mbali, notisi huchukua muda na miche haingoji.

Ukishahamia, ziba mapengo yote yanayopitisha mbuzi. Ua wa minyaa peke yake huacha matundu chini, kwa hiyo ongeza wavu. Kagua mpaka baada ya masika na tena baada ya vuli, asubuhi udongo ukiwa bado na unyevu. Mche usiofika magotini hung'oka na mzizi wake kwa mkono wenye glavu. Ukikatikia mkononi, chimba siku hiyo hiyo uutoe uliobaki.