Dawa Yako Mpya ya Baridi Yabisi Ipo Kabatini na Bado Unaogopa Kuimeza

Wengi wanaoniuliza kuhusu methotrekseti, dawa ya ugonjwa wa viungo uitwao baridi yabisi, huwa wameshainunua. Ipo kabatini ndani ya bahasha ya duka la dawa, na wiki zinapita. Vidole vimevimba, asubuhi ngumi haifungi, kukamua nguo ni mateso, lakini kidonge hakijamezwa. Ninawaelewa kabisa. Ninaishi na baridi yabisi kwa miaka kadhaa sasa na dawa ninayotumia ni hiyohiyo. Mimi si daktari. Ninayoyaeleza hapa ni namna ya kuishughulikia ile hofu ili isikuamulie mambo.

Nianze na neno linalowatisha watu kuliko yote: saratani. Unafungua kijikaratasi cha maelezo, unakuta dawa hii inatibu saratani ya damu. Dada yangu mkubwa alipokisoma changu aliniuliza, "Mdogo wangu, mbona wanakupa dawa ya saratani na wewe unaumwa viungo?" Swali lake lilikuwa la haki, na jibu lake lipo. Ni kweli methotrekseti ni dawa ya saratani, na hutumika hivyo tangu miaka ya 1950. Lakini mgonjwa wa saratani anaweza kupewa mamia ya miligramu, hata gramu nzima, kwa mkupuo mmoja. Sisi wa viungo hupewa kati ya miligramu 7.5 na 25 kwa wiki. Kwa kiwango hicho kidogo kazi yake ni kutuliza kinga ya mwili, ambayo katika ugonjwa huu imegeuka na kuushambulia utando wa viungo vyetu wenyewe. Marekani iliidhinisha rasmi matumizi yake kwa baridi yabisi mwaka 1988, na Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu, katika kundi la dawa za viungo. Tangu wakati huo mamilioni ya watu wameimeza, na madhara yake yanajulikana vizuri kuliko ya dawa nyingi mpya.

Madhara hayo yapo, na sitayaficha. Ninachokuomba ni usiyabebe yote kama furushi moja. Chukua karatasi, andika kila hofu kwenye mstari wake. Ini. Nywele. Kichefuchefu. Kizazi. Kuimeza maisha yote. Watu watasemaje. Ukishaziandika utaona hazifanani. Nyingine zinajibiwa na daktari kwa dakika mbili, nyingine zinalindwa na vipimo, nyingine ni za kuzungumza na mume au mama. Karatasi hiyo nenda nayo kliniki, uisome palepale mbele ya daktari. Chumba cha daktari kina haraka yake, na bila karatasi maswali yote hukimbia.

Kuna hofu moja ambayo watu hawaiandiki, nayo ni ya ugonjwa wenyewe usipotibiwa. Dawa imekuja na karatasi iliyojaa maonyo, lakini ugonjwa haukuja na karatasi. Baridi yabisi isipodhibitiwa hula mfupa na gegedu, na uharibifu huo unaweza kuanza mapema, hata ndani ya miaka miwili ya mwanzo. Kidole kikishapinda, hakuna kidonge kitakachokinyoosha. Diklofenaki na dawa nyingine za maumivu hupunguza uchungu, lakini hazizuii mfupa kuliwa. Ukipima hatari za dawa, ziweke hizi nazo kwenye mizani.

Sasa jambo ambalo ningekuwa na uwezo ningelibandika kwenye kila mlango wa duka la dawa. Methotrekseti ya viungo humezwa MARA MOJA KWA WIKI. Si kila siku. Watu wamepoteza maisha kwa kuimeza kila siku. Huku kwetu bahasha za dawa huandikwa 1x3 au 2x2, na macho yetu yamezoea kusoma hivyo kwa hesabu ya siku. Mtu akikuandikia 4x1, wewe au aliyeko nyumbani anayekusaidia mtaelewa vidonge vinne kila siku. Kwa hiyo usiondoke dirishani mpaka bahasha iwe imeandikwa kwa maneno: "kwa wiki, siku ya Ijumaa tu". Chagua siku yako na uitaje. Angalia pia uzito wa kidonge. Vipo vya miligramu 2.5 na vipo vya 10, na ukibadilisha duka unaweza kupewa vingine bila mtu kukuambia. Hesabu miligramu, usihesabu vidonge. Ukisahau dozi, usimeze mbili wiki inayofuata kufidia.

Mimi nilichagua Ijumaa usiku kwa sababu Jumamosi sina kazi ya mapema. Wengine hulala nayo wakaamka salama, wengine siku ya pili huwa wachovu, tumbo likichafuka kidogo. Kuimeza usiku baada ya chakula kunasaidia wengi. Kichefuchefu kikizidi, mwambie daktari. Anaweza kuigawa dozi ndani ya siku hiyohiyo au kukuhamishia kwenye sindano. Mwezi wa Ramadhani mimi huimeza baada ya futari na kunywa maji ya kutosha usiku kucha, lakini hilo nililipanga na daktari kabla ya mfungo, nawe fanya hivyo.

Pamoja nayo utapewa vidonge vya asidi ya foliki. Usivione kama vitamini ya nyongeza tu. Methotrekseti huzuia mwili kutumia foliki, na sehemu kubwa ya kero zake, kama vidonda mdomoni na kichefuchefu, hutokana na hapo. Foliki hupunguza kero hizo na husaidia kulilinda ini. Kwa kawaida haimezwi siku moja na methotrekseti, ila fuata maelekezo ya daktari wako.

Kuhusu ini, figo na damu, jibu ni vipimo. Kabla ya kuanza hupimwa damu, ini na figo, pamoja na homa ya ini, na mara nyingi kifua hupigwa picha, kwa sababu kifua kikuu kilichojificha kinaweza kuamka kinga ikitulizwa. Ukishaanza, damu hupimwa kila baada ya wiki chache, kisha nafasi huongezwa mwili ukishazoea. Ini likianza kulalamika, kipimo huonyesha kabla wewe hujahisi chochote, na dozi hupunguzwa au husimamishwa. Mimi wasiwasi wangu mkubwa ulipungua hapa, nilipoelewa kwamba sitegemei kuvizia dalili usiku kucha. Majibu yako yaombe kwa maandishi, uyahifadhi kwenye faili moja. Pombe nayo mzungumzie daktari kwa ukweli, kwa sababu inalielemea ini lilelile.

Kuna kitu kingine kilichonifaa sana. Kabla ya dozi ya kwanza, tumia wiki moja kuandika hali yako ilivyo: ukakamavu wa asubuhi, yaani viungo kukaza, unachukua muda gani, umelala vipi, unaweza kufungua kifuniko cha ndoo, kusukuma chapati, kumfunga mtoto vifungo vya shati? Andika pia uchovu, maumivu ya kichwa, nywele zinazobaki kwenye kitana. Faida yake ni mbili. Kwanza, mtu mwenye hofu akishameza dawa husikia kila kitu, na atailaumu kwa uchovu aliokuwa nao tangu mwaka jana. Daftari litamwonyesha. Pili, dawa hii ni ya polepole. Huchukua wiki 6 hadi 12 kuanza kuonyesha kazi, wakati mwingine zaidi. Wiki ya nne utaona hakuna kitu, na majirani watakuletea mizizi ya kuchemsha. Wakati huo daktari anaweza kukupa prednisoloni kidogo, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, ikuvushe. Hiyo nayo usiikatishe ghafla kwa hiari yako. Nafuu ikija haipigi hodi. Unakuta tu daftari linasema ukakamavu uliokuwa unafika saa nne asubuhi siku hizi unaisha saa moja na nusu.

Mwanamke wa umri wa kuzaa, hili lisome mara mbili. Dawa hii inaweza kuharibu mimba na kumdhuru mtoto tumboni, na haitumiki wakati wa kunyonyesha. Tumia uzazi wa mpango wa uhakika. Ukitaka mtoto, sema mapema ili ubadilishiwe dawa. Madaktari wengi hutaka methotrekseti iwe imeachwa kwa miezi kama 3 kabla ya kushika mimba. Hakuna aibu kulisema hilo hata kama bado hujaolewa.

Na tafadhali, kila unapokwenda zahanati au duka la dawa kwa kikohozi au tumbo, taja kwamba unatumia methotrekseti. Septrin, ile antibayotiki, hutolewa kirahisi sana kwetu, na ikikutana na methotrekseti inaweza kuziangusha chembe za damu kwa hatari. Homa kali, koo lenye vidonda, kikohozi kikavu na pumzi kubana, macho ya njano, michubuko au kutoka damu bila sababu, vidonda vingi mdomoni, kutapika na kuharisha kusikokoma: ukiona mojawapo, usimeze dozi inayofuata, nenda hospitali siku hiyohiyo. Namba ya simu ya kliniki iandike kwenye bahasha ya dawa yenyewe, na mtu mmoja nyumbani aijue.

Inawezekana umefanya yote haya na moyo bado umekataa. Basi rudi kwa daktari na bahasha yako ikiwa haijafunguliwa, umwambie waziwazi. Zipo dawa nyingine za kuzuia ugonjwa huu, kama salfasalazini, leflunomaidi na haidroksiklorokwini, kila moja na masharti yake. Haidroksiklorokwini, kwa mfano, hudai macho kupimwa. Kibaya ni kumwambia unameza wakati humezi. Ataona viungo vimevimba vilevile, aamini dawa imeshindwa, akuongezee dozi au akuandikie kali zaidi, na siku utakayoamua kuanza utaanza na kiwango ambacho mwili wako haukuwahi kuandaliwa.